Shingo Tupu

Jaji mstaafu aliingia na agbada yake, lile vazi pana la Kinigeria, shingo tupu. Barua ya kuitwa kwenye usaili ilitaka waombaji wote waje na joho na tai nyeupe ya mahakamani.

"Tai nyeupe na joto hili la Calabar?" alicheka, akivuta kiti. "Profesa wangu, ujaji wa mahakama ya ardhi utampa nani kama si mimi?"

Profesa Nkoyo, mwenyekiti wa kamati ya usaili, aliitazama ile shingo, ngozi yake ikiningʼinia juu ya kola ya dhahabu.

Miaka ishirini na sita nyuma alisimama mbele ya jaji huyuhuyu, wakili mchanga aliyesahau tai yake nyumbani. "Mahakama haikuoni," jaji alimwambia, na hakumruhusu kutamka neno. Mjane aliyekuwa akimtetea akapoteza nyumba asubuhi hiyohiyo.

Profesa alivaa miwani taratibu, akamgeukia karani.

"Mwombaji wa saa nne mbona hajafika?"

"Si huyu hapa, Profesa?"

"Wapi? Nimesikia kiti kikikokotwa, lakini mtu simwoni. Ita anayefuata."

Mkono wa jaji ukapanda polepole, ukaishika shingo.