Doti ya Chausiku

“Ifungue hiyo kanga yangu, Chausiku! Kaka yako yuko jela kwa wizi, wewe utakuwa nani?”

Wapangaji wote walijaa uani kumtazama Zamda akifoka. Tangu kaka yake afungwe, kila kilichopotea nyumba ile kilitafutwa kwanza chumbani kwa Chausiku. Leo mwenye nyumba naye alikuwepo, ameshatamka kwamba mwizi atahama kabla ya magharibi.

Chausiku alishachoka kubisha. Aliingia ndani, akatoka na kipande cha pili, akakilinganisha na kile alichojifunga.

“Iliyopotea ni kipande kimoja, da Zamda. Mimi nina doti nzima.”

“Basi hicho cha pili umemwibia mwenzangu!”

Watu wakacheka. Mama mkwe wa Zamda akachungulia kutoka chumbani kwake. “We Zamda, kanga si uliniachia jana na mtoto? Ndiyo niliyomfunikia hapa.”

Mwenye nyumba akakumbuka ana safari.

“Haya, yameisha,” Zamda akasema, haraka haraka. “Mdogo wangu, njoo tule, wali unapoa.”

Watu wakasogea mkekani, wakamwachia nafasi. Zamda akainamisha jagi la kunawia, akangoja mikono ya Chausiku.