Mkono wa Klabu

Mjukuu wangu Makame ni mrushaji wa besiboli, na warushaji wote siku hizi hukatwa mkono wa kulia na kuwekewa wa klabu. Mkono huo ukishika kitu cha mviringo hukirusha, mwenyewe atake asitake. Juzi uwanjani ulimpasua mpigaji fuvu, watu wakashangilia. Nyumbani machungwa tunamkatia vipande, maana mkewe, Mwanaidi, alivunjwa taya kwa kitunguu.

Leo mtoto wao katimiza arobaini. Nilimnyoa taratibu, nikamfuta kwa maji ya waridi, kichwa kikang'aa. Kwetu baba ndiye humpokea mtoto akishanyolewa.

"Mwambie apokee kwa kushoto, Bibi," akasema Mwanaidi kwa meno yaliyofungwa waya.

"We Mwanaidi! Mtoto apokewe kwa mkono wa kuchambia?" nikamjibu, nikamweka mtoto kwenye mkono wa kulia wa baba yake.

Makame akatabasamu. Kisha mkono ukapanda wenyewe hadi kichwani mwa mtoto. Vidole viwili vikajipanga juu ya utosi, gumba likajibana chini ya sikio.

"Bibi, lete shoka," akanong'ona. "Nenda polepole. Usiushtue."