Mama Ameshaandikwa

Ritani yake ya kodi ilikataliwa kwa mara ya tatu, na safari hii seremala hakuwa na wa kumlaumu ila mdogo wake.

Mara ya kwanza alikosea mwaka wa kuzaliwa, akajizeesha kwa miaka kumi. Mara ya pili alisahau kutia sahihi. Makosa ya kila mtu hayo, karani alimwambia, asijali. Lakini hili la tatu lilimkata maini: mama yake, aliyemjaza kama mtegemezi, alikuwa ameshaandikwa na mtu mwingine.

Mtu mwingine nani? Kwao walizaliwa wawili tu. Na tangu baba afariki, anayemnunulia mama dawa na kuziba paa likivuja ni yeye. Ni yeye pia aliyeapa mbele ya ukoo mzima kwamba hakuna mwanamume atakayekalia kiti cha baba. Juzi juzi mama alipolalamika kwamba usiku anagaragara hadi anaanguka, alimtengenezea kitanda cha sita kwa sita, mbao ngumu tupu. Mzee mwenye karakana anamofanyia kazi alimsaidia kukibeba. Mzee ndiye aliyetangulia kinyumenyume, akakata kona ya kuingia chumbani kwa mama bila hata kugeuza shingo. Mdogo wake siku hiyo hakuonekana. Labda alikuwa kwenye shughuli zake za kupiga soga.

Basi alimfuata huyo mdogo wake kazini na kumpasulia mbele ya wenzake. Alimwita mwizi, mla jasho la watu.

"Sijamwandika, kaka," alisema mdogo mtu, kichwa ameinamisha. "Kamuulize mama."

Amuulize mama nini? Amtie mama wa watu aibu kwa wizi wa mwanawe? Seremala aliondoka akiwa amekata undugu. Roho ilimuuma kuliko siku ya mazishi ya baba.

Mzee wa karakana alijaribu kumtuliza. Alimshauri amfute mama kwenye fomu, ajaze bila yeye, mambo yaishe. Kodi yenyewe haitaongezeka kiasi cha kumuua mtu. Seremala akakataa katakata. Yeye hafuti mama yake kwa ajili ya mwizi. Mzee alishusha pumzi, akafunga karakana, akasema basi waende wote.

Kwenye ofisi ya kodi mzee aliketi kwenye benchi karibu na mlango. Seremala alisimama dirishani, akataka mdogo wake aitwe, ahojiwe, ikibidi ashtakiwe.

Karani alibofya, akasoma, akarudia kusoma.

"Jina siruhusiwi kukutajia," alisema kwa sauti ya chini. "Ila si ndugu yako. Huyu mama hakuandikwa kama mama wa mtu. Ameandikwa kama mke."

Seremala aligeuka amtafute mzee wa karakana, amsimulie kioja hicho. Mzee alikuwa ameshasimama nyuma yake, kofia ameivua na kuikunja mkononi.

"Tulitaka kukuambia siku ile ya kitanda," alisema.