Gurudumu la Mzee Shomvi

Kwenye kompyuta ya Tunu, mkokoteni wa Mzee Shomvi ulishuka mteremko, lakini picha ya gurudumu ikachomoka na kuzunguka hewani peke yake. Mkokoteni wenyewe, ule wa kweli, mgambo waliuvunja kwa shoka Jumanne moja, miaka tisa iliyopita, huku wakicheka. Tunu aliapa kuurudisha, hata kama ni kwenye mchezo wa kompyuta anaoutengeneza.

“Umelishika ukingoni,” mzee alisema, ameketi kando yake. “Gurudumu huzunguka kwenye ekseli. Walikufundisha shule gani?”

“Nimejifundisha, babu.”

“Ndiyo maana unasikia ukiambiwa.”

Kweli, picha ilikuwa ikizungukia kwenye kona yake. Tunu akahamishia mzunguko katikati, akabonyeza. Gurudumu likakaa mahali pake, likabiringika.

Mzee akashusha pumzi. Akanyoosha mikono mbele ya kioo cha kompyuta kama aliyeshika mipini, akaegemea nyuma, mzigo usimzidi mteremkoni.