Marahaba ya Ijumaa

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Bi Hildegarda huku akipiga goti.

"Marahaba," akaitikia Hakimu Ulimboka, macho yake mezani.

Ziada, karani mpya wa mahakama ya wilaya, damu ilimchemka. Bibi kizee ametoka Kimamba kwa bodaboda, anamwamkia mtu wa umri wa wanawe, naye anaitikia bila haya! Ijumaa moja hakimu alitangulia kumwamkia yeye. Bibi alidhani anakejeliwa, akaondoka analia. Ziada naye alidhani ni kejeli.

Kila Ijumaa, kesi zikiisha, bibi aliingia na ombi lilelile.

"Mwachieni kijana wangu. Mlimchukua mbichi kabisa. Mkampeleka Sumbawanga, akizoea mkamhamishia Tarime, akizoea mkamtupa Tunduru. Baba yake kazikwa yeye hayupo. Kosa gani hilo lisiloisha?"

"Hana kosa, mama."

"Sasa mnamshikilia kwa nini?"

Ziada alimchukia hakimu. Mtu anakiri mwenzake hana kosa, halafu anafunga jalada na kwenda kunywa chai!

Ijumaa hii ndiyo ilikuwa ya mwisho, maana hakimu alikuwa anastaafu. Asubuhi walimkatia keki, wakamsifu kwamba hajawahi kukataa kituo alichohamishiwa. Alishukuru kwa maneno machache, na keki hakuigusa.

Bibi alipopiga goti jioni, Ziada uvumilivu ulimwisha. "Mheshimiwa, mwonee huruma. Huyu mama atakufa hajamwona mwanawe."

Hakimu akamgeukia bibi.

"Mama, leo tumemwachia. Hatumpeleki tena popote."

Bibi alipiga kigelegele hadi sauti ikamkatika. "Basi mimi huyo! Nakwenda kumpikia ugali kwa mlenda, ndicho chakula chake." Akatoka akijikokota kwa haraka. Ziada alilia kwa furaha, wala hakujificha.

Hakimu alivua koti jeusi, akavua na tai, akavitupa kitini. Akamkimbilia bibi hadi uani, akapiga goti vumbini mbele yake.

"Shikamoo, mama. Ni mimi. Wameniachia."

"Marahaba, baba." Bibi alimpapasa kichwa kwa huruma. "Pole sana kwa kifungo. Na Ulimboka wangu, mbona hamkutoka pamoja?"