Kiraka cha Isa

Kiraka cha Isa kilikuwa sakafuni tena.

Medina aliweka chini kapu la mihogo bila hata kuvua viatu. Blanketi lilikuwa kitandani kama alivyolitandika asubuhi kabla ya kwenda sokoni, viraka vyote vimetulia mahali pake, na katikati pengo la mraba. Dirisha lilikuwa limefungwa. Kile kipande cha shati la buluu kililala karibu na mlango, kana kwamba kilitaka kutoka.

"Mama!" aliita. "Mama, njoo uone!"

Kadijah, mama mkwe wake, alikuja kutoka jikoni akijifuta majivu mikononi. Alikitazama kitambaa kwa muda mrefu, akakiokota, akakipuliza vumbi.

"Shona tena," alisema. "Safari hii tia uzi mara mbili. Mutoto yangu iko hai."

Mtaa mzima hapo Arua ulilijua blanketi hilo. Katika nyumba ya Kadijah kila aliye hai alikuwa na kiraka chake, kilichokatwa kwenye nguo aliyoivaa mwenyewe. Mtoto akizaliwa, anashonwa. Bibi arusi akiletwa, anashonwa. Medina alipotoka Koboko, Kadijah alimshona kabla hata pilau haijaiva. Mtu akifa, kiraka chake kinafumuliwa na kuhamishiwa kwenye blanketi la pili, lililokaa ndani ya sanduku la bati. Chini ya hilo hakuna aliyelala.

Tena kulikuwa na hadithi. Babu wa Isa, askari, alikwenda vitani asirudi, na siku moja kiraka chake kilidondoka chenyewe bila mkono kukigusa. Habari ya kifo ilifika baadaye. Kadijah ndiye aliyeisimulia, na siku hizi aliisimulia mara nyingi.

Isa, mume wa Medina, alikwenda Juba na lori la saruji wakati binti yao Sumayah hajaota meno. Sasa meno ya utoto yalikuwa yameanza kung'oka. Mwanzoni alipiga simu, kisha akanyamaza. Baba wadogo wa Isa walikuwa wameanza kunong'ona: mwanamke asiye na mume ndani anangoja nini? Arudi kwao Koboko, mtoto abaki. Medina aliwajibu kwa kumpakulia Isa sahani yake kila Ijumaa, na kuifunika.

Simu iliyolia katika nyumba hiyo ilikuwa ya Kadijah tu. Aliiweka sauti ya juu kabisa kwa sababu ya sikio lake bovu, lakini siku hizi aliipokelea mbali, katikati ya shamba la mihogo, akarudi macho mekundu. Ni dada yake, alisema. Anaumwa.

Jioni hiyo jirani yao Driciru alikuja kuomba chumvi, akamkuta Medina akishona.

"Labda ni panya," alisema. "Panya ya hapa imesoma mpaka chuo kikuu."

Medina alicheka kidogo. Driciru aliusogeza uzi wa zamani karibu na macho, na kicheko chake kikaisha. "Lakini panya inatafuna, dada. Hii imekatwa."

"Malaika ya kifo haina meno ya panya," Kadijah alisema kutoka mlangoni.

Driciru alichukua chumvi yake akaenda zake.

Medina alitia uzi mara mbili. Alifunga mafundo mpaka vidole vikauma. Kwa siku kadhaa kiraka kilishika, naye akaanza kula vizuri. Kisha Ijumaa, alipotoka kuoga, alimkuta Sumayah ameketi kitandani na kile kipande cha buluu mapajani.

"Baba ameanguka," mtoto alisema.

Kadijah aliingia. Safari hii hakusema shona. Aliketi sakafuni, akajifunika uso kwa mtandio, akalia mpaka majirani wakajaa uani.

"Mutoto yangu imekufa," alisema. "Nisamehe, Medina. Nisamehe."

Sheikh aliuliza habari imetoka wapi.

"Mimi nilizaa yeye," Kadijah alimjibu. "Nani atanibishia?"

Sheikh aliinua mikono. Waliomba dua, wakapika, wakala. Medina alikaa eda, amevaa nyeupe, akisikia shati la buluu likinuka jasho la Isa hata katika maji ya kunywa. Wale baba wadogo walikuja, vichwa chini, wakasema mjane wa Isa ni wao, na nyumba ni yake na mtoto wake. Sasa hapakuwa na wa kumtoa.

Siku eda ilipokwisha, Kadijah alifungua sanduku la bati, akamwachia Medina blanketi la pili, sindano na kile kiraka. Akatoka uani, kwa kuwa mama, alisema, hawezi kuangalia.

Medina alikuwa anapitisha uzi kwenye tundu la sindano simu ilipolia nje ya pazia.

"Mama, mbona siku hizi hupokei?" Sauti ilijaza uani. "Talaka nilikupa mwaka jana umwambie. Huyo mwanamke ametoka? Mwezi ujao tunakuja. Bibi yangu mpya hataki kumkuta ndani, hata mtoto yake."

Sindano ilisimama.

"Wewe nani?" Kadijah aliuliza.

"Mama! Ni mimi, Isa!"

"Umekosea namba, kijana. Isa yangu ilikufa. Tulimlia hapa, mtaa mzima ni shahidi. Mjane yake iko ndani ya nyumba yake. Wewe ukikanyaga hapa, watu watakimbia, watasema ni jini."

Kadijah akakata simu. Kisha Medina akamsikia mama mkwe wake akilia, polepole, kama mtu anayelia maiti.

Alikitazama kile kipande cha buluu. Akakilaza mahali pake, karibu na kiraka cha babu, akakishona pembe zote nne, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno.