Ng'ombe wa Kusemeshwa

Ngwale alikuja kununua ng'ombe wake wa kwanza akiwa na kikaratasi cha bwana mifugo mfukoni: mgongo ulionyooka, macho maangavu, chuchu nne zilizolingana. Kati ya ng'ombe wawili waliotolewa zizini, mweusi alikuwa na vyote. Lakini jicho la Ngwale lilinasa kwa mwekundu, aliyejitenga pembeni akicheua.

"Huyo anabana maziwa," akamwonya Bi Mashavu, mwenye mifugo. "Hatoi mpaka asemeshwe. Ukinyamaza, naye ananyamaza. Chukua mweusi, baba."

"Nijaribu tu, mama."

Akachuchumaa, akaweka ndoo chini ya kiwele, akakamua. Halikutoka hata tone.

"Si nimekwambia? Msemeshe."

"Nimwambie nini?"

"Chochote. Mimi humpa umbea wa mawifi zangu."

Ngwale akakohoa. Tangu amzike mkewe, salamu za njiani ndizo zilikuwa maongezi yake yote.

"Hujambo?" akaanza, kwa aibu. Ng'ombe akatikisa sikio. "Mimi... jana nilisonga ugali, ukabaki. Kila siku unabaki. Sijui kusonga wa mtu mmoja."

Maziwa yakagonga ndoo, chwaa!

Akaendelea: paa la jikoni linalovuja, jirani aliyehama, upande wa kitanda asioulalia mpaka leo. Kiwele kikanywea, chuchu zikakauka, vidole vyake bado vimezishika. Naye hakunyamaza.

Bi Mashavu akaiondoa ndoo polepole, asimkatize, kisha akaenda kumrudisha mweusi zizini.